AuthorAID au grupu la WhatsApp, mwanasayansi mchanga apate wapi mentor?

Uko masta au PhD, supavaiza hashikiki, unataka mtu akupitishie macho kwenye kazi yako. Njia za bure ziko mbili.

AuthorAID ni mtandao unaokuunganisha na mentor, yaani mtafiti mzoefu wa kukuongoza; ilianzishwa 2007 na INASP, shirika la Uingereza, kwa ajili ya watafiti wa nchi kama zetu. Unajisajili, unatafuta mentor wa fani yako, mnakubaliana atakusaidia nini na kwa muda gani, mfano kupitia rasimu ya pepa kabla hujaituma kwenye jarida. Utamu wake ndo huu, mtu yuko nchi nyingine huko, hajui we mtoto wa nani wala kabila gani, anasoma kazi tu, na kwa dada ambaye idara yake nzima ni wanaume hilo si jambo dogo. Ila Kiingereza kinyooke, na we ndo umfuatilie, ukikaa kimya na yeye anaendelea na yake.

Grupu la WhatsApp la watafiti wenzako ni spidi. R (ile programu ya takwimu) imekugomea saa nne usiku, saa tano ushajibiwa, tena kwa Kiswahili. Skolashipu za OWSD, shirika la wanasayansi wanawake wa nchi zinazoendelea, pia utazikuta humo (katikati ya matangazo ya vitenge, vumilia tu). Lakini nani atakusomea kurasa 30? Afu akiwepo profesa mmoja anayejibu kila kitu, wadada wananyamaza.

Mi ningeanza na grupu, hasa la wanawake watupu kama lipo, rasimu ikikamilika ndo AuthorAID.