Uzoefu wangu: picha mbili za Frida na Diego nilizochorewa Mtwara

Nilimwagiza mchoraji mmoja wa kike mwenye karakana hapa Mtwara mjini anichoree picha mbili za kutundika sebuleni, zote za Frida Kahlo na Diego Rivera, wachoraji wa Meksiko waliooana mwaka 1929, wakaachana 1939 na kurudiana mwaka uliofuata. Tulianzia kwenye picha aliyoichora Frida mwenyewe mwaka 1931, ambamo Diego amesimama kama mbuyu, ameshika kibao cha rangi na brashi, ilhali mkewe, mdogo wa umbo, hana zana yoyote mkononi. Nilitaka isomwe upya kwa jicho la kifeministi, kwa kuwa mwaka 1933 gazeti moja la Detroit lilimwandika Frida kama mke wa bingwa anayejifurahisha kwa kuchorachora.

Picha ya kwanza hainiridhishi. Vimegeuzwa vimo tu: Frida amekuwa jitu na Diego amekuwa mtoto. Mgeni huicheka siku ya kwanza, kisha basi, maana kumdunisha mume hakumwongezei mke chochote.

Ya pili ndiyo inayonifanya nisizijutie shilingi 350,000 nilizolipia zote mbili. Diego amebaki na kitambi chake, lakini amekalia kigoda, amepakata kopo la maji ya kusuuzia brashi, na macho yake yanaufuata mkono wa Frida ulio kazini. Mkono huo umechorwa kwa subira: rangi ya bluu imeingia chini ya kucha, na mshipa umetuna pale kidole gumba kinapobana brashi. Nilipouliza kwa nini safari hii hakumpunguza Diego, mchoraji alinijibu, "Dada, mwache na unene wake, nimeshampa kopo ashike." Alitaka pia kumvika Frida kanga; nilikataa, kwa sababu mavazi ya wanawake wa Tehuantepec, kusini mwa Meksiko, aliyoyapenda yalikuwa kauli yake mwenyewe, na kumvua ni kumnyamazisha.

Fremu ndizo zilizoniudhi. Mbao hazikuwa zimekauka, na kwa unyevu wa pwani yetu pembe ziliachana mapema, ikabidi nimpe seremala wa Mikindani atengeneze nyingine za mninga. Anayetaka kuagiza na achukue kanvasi bila fremu, tena aeleze mapema nani ashike nini, kabla penseli haijagusa kitambaa.