Makro za CorelDRAW: kurekodi tu kunatosha?

Wadau wa dizaini, karibuni. Leo tunaipima makro, yaani amri zilizopangwa zijirudie zenyewe, ndani ya programu ya dizaini ya CorelDRAW, kwa kazi ambayo mafundi wa mabango hapa Tanga hawaikwepi: kuweka alama za ringi za kupitishia kamba. Upepo wa baharini huu mnaujua. Ringi zikiachana sana, bango linachanika kwenye pindo.

Bonyeza Alt, Shift na F11. Upande wa kulia linatokea dirisha la makro. Kama halina VBA, lugha ya kuandikia makro, rudi kwenye usakinishaji uiongeze, maana si lazima iwe imewekwa tangu mwanzo. Wa Mac, nyie VBA hamna.

Kwa kazi ya haraka, Ctrl Shift R inaanza kurekodi, Ctrl Shift O inasimamisha, Ctrl Shift P inairudia. Hapo CorelDRAW naipa maksi zote. Una kadi za harusi 200 na kila jina unalifanyia mambo yale yale matatu? Rekodi mara moja, basi.

Ila kwenye bango rekodi inakuangusha. Yenyewe inakariri namba, haijui pembe ya bango iko wapi. Ukirekodi kwenye bango la futi 6 ukairudishia kwenye la futi 10, alama zinasogea umbali ule ule wa mwanzo na upande mmoja unabaki mtupu. Halafu kuna amri hazirekodiki kabisa. Ukifungua kodi, yaani maandishi ya makro, utakuta maelezo tu kwamba amri hiyo haikubaliki.

Kwa hiyo bonyeza Alt F11, tuandike wenyewe. Mstari wa kwanza, tafadhali usiuruke:

ActiveDocument.Unit = cdrMillimeter

VBA inahesabu kwa inchi hata kama rula yako inaonyesha milimita. Umeandika 30 ukitaka milimita 30 kutoka ukingoni, yenyewe inasogea inchi 30, yaani milimita 762. Alama iko katikati ya uso wa mheshimiwa.

Sasa hesabu. Futi 6 ni milimita 1828.8. Toa 30 kila upande, inabaki 1768.8. Tunataka nafasi isizidi 500, kwa hiyo gawanya kwa 500 upate 3.54, ipandishe iwe 4. VBA haina amri ya kupandisha, tumia -Int(-x). Kila nafasi inakuwa 442.2, alama 5 juu na 5 chini. Kwa kimo cha futi 3 zinapatikana nafasi 2, yaani alama moja ya katikati kila ubavu. Jumla 12. Upana na kimo visome kwenye bango lenyewe kwa SizeWidth na SizeHeight, na duara lichorwe kwa CreateEllipse2. Hapo bango la ukubwa wowote linakubali.

Zungushia kazi yote BeginCommandGroup na EndCommandGroup, ili Ctrl Z moja ifute alama zote. Ukiwasha Optimization kuongeza kasi, hakikisha inazimwa hata makro ikikwama njiani. La sivyo skrini inaganda, na utadhani kompyuta imekufa.

Kodi inakaa kwenye faili la GMS. Linakili kwenye flashi kabla fundi hajapiga Windows upya. Na la mtu usiyemjua usiliweke, hiyo ni programu kamili, inaweza kubeba virusi.