Warsha ya ramani za nchi za kufikirika, Nairobi: uzoefu wangu

Ada yake si nyepesi, hasa kwa mwanafunzi, lakini mpenzi yeyote wa fasihi aliye Nairobi ningemhimiza ajiandikishe. Warsha hufanyika Jumamosi katikati ya mji, na inafuata swali moja: waliochora na kuandika nchi bora, walimwacha nani nje?

Tulianza na Utopia, kitabu cha Mwingereza Thomas More kuhusu kisiwa cha kufikirika, kilichotoka mwaka 1516. Kabla hatujasoma hata ukurasa, mwezeshaji alitandaza mezani nakala kubwa ya ramani ya toleo la Basel la 1518, inayohusishwa na Ambrosius Holbein, akatuacha tuitazame. Wapo wachambuzi wanaoona fuvu la kichwa katika kisiwa kile, meli ya mbele ikiwa ndiyo meno. Tangu nionyeshwe, ndilo ninaloliona kwanza. Kisha tukasoma: miji 54 inayofanana, kazi saa 6 kwa siku, dhahabu ikidharauliwa hadi kufanywa vyombo vya kujisaidia. Watu walifurahi sana, mpaka tukawafikia watumwa, waliofungwa minyororo ya dhahabu hiyohiyo. Ubishi uliozuka hapo ulikuwa mtamu, na mwezeshaji hakuukatiza.

Mchoro wa Mwingereza Ebenezer Howard wa mji wa bustani, yaani mji uliopangwa nyumba zikiwa kati ya maeneo ya kijani, wa 1898, tuliupitia haraka. Sikujali, kwa sababu baada yake tulikwenda kwa miguu hadi Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya Waafrika kwa kufuata mawazo ya namna hiyo: nyumba za chini, viwanja vya nyasi, ukumbi wa jamii katikati. Nairobi ya kikoloni ilikuwa bado inawatenga watu kwa rangi. Mchoro mzuri, basi, ulitumika ndani ya mji uliogawanywa. Kulielewa hilo ukiwa umesimama palepale ni tofauti kabisa na kulisoma darasani.

Lalamiko langu ni Kusadikika. Riwaya hii ya Shaaban Robert ya 1951 ilipewa muda mfupi kuliko zote, na kwangu ndiyo iliyostahili siku nzima. Nchi ya Kusadikika iko angani, na Karama, mhusika mkuu, anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Katika kujitetea anawataja wajumbe waliotumwa pande sita, wakarudi na habari za nchi zenye mambo mema, wakatupwa gerezani. More anatupeleka kwenye kisiwa cha mbali tukistaajabie. Shaaban Robert anauliza atafanywa nini yule anayerudi nyumbani na habari hizo. Kwa msomaji wa Kiswahili, huo ndio moyo wa mada yote, na nilisikitika tulipoambiwa muda umekwisha.

Nakala za ramani tulizopewa kubeba pia zilichapwa vibaya, nyeusi tititi, majina hayasomeki. Ukienda, omba uipige picha ile ya mezani. Na Kusadikika isome yote kabla ya kufika.