Mailchimp mikononi mwa chama kidogo: tathmini baada ya matoleo kumi na mawili ya jarida letu

Chama chetu kinaendesha maktaba ya watoto mjini Tanga, chumba kimoja chenye rafu, mikeka na feni, na kinaishi kwa michango ya watu wasiofika mia nne: walimu wastaafu, wafanyabiashara wa mjini, wazazi, na wenyeji wa Tanga waliohamia Dar es Salaam, Muscat, London na Minneapolis. Kwa miaka kadhaa taarifa zetu zilipitia kundi la WhatsApp, ambako ripoti ya mapato na matumizi ilizama chini ya salamu za Ijumaa na matangazo ya misiba kabla mweka hazina hajamaliza kuibandika. Mwaka jana kamati iliamua kwamba wachangiaji waandikiwe jarida la barua pepe kila mwezi, kazi ikaniangukia mimi niliye katibu, na chombo tulichochagua kikawa Mailchimp. Nimeshatuma matoleo kumi na mawili, na nadhani sasa ninaweza kusema jambo lenye manufaa kwa asasi nyingine ndogo inayofikiria kufanya hivyo.

Kwa asiyeijua, Mailchimp ni huduma ya kutuma barua pepe kwa watu wengi kwa mkupuo, iliyoanzishwa Atlanta, Marekani, mwaka 2001 na kununuliwa na kampuni ya Intuit mwaka 2021 kwa takribani dola bilioni 12. Unaingiza orodha ya majina na anwani, unachagua kiolezo, yaani mpangilio wa barua ulioandaliwa tayari, unaandika, unatuma, kisha unaletewa ripoti ya nani amefungua barua, nani amebofya kiungo na nani amejiondoa. Kurasa za kufanyia kazi hazina Kiswahili, kwa hiyo katibu asiyesoma Kiingereza atahitaji mtu wa kukaa naye siku za mwanzo. Fomu ya kujiandikisha, hata hivyo, inaweza kuwekwa kwa Kiswahili, na maneno yake unaweza kuyarekebisha mwenyewe mpaka yasikike kama ya kwenu. Kupanga barua yenyewe ni kuburuta vipande na kuviachia mahali pake, na mtu aliyezoea kuandika kadi za mialiko kwenye kompyuta hatahangaika.

Aibu yetu ya kwanza tuliisababisha wenyewe. Chombo hiki kina alama za kuvuta taarifa za msomaji kutoka kwenye orodha, na iliyo maarufu kuliko zote ni *|FNAME|*, ambayo unaiandika baada ya salamu ili kila mtu aone jina lake la kwanza. Niliiona kuwa ni jambo la kitaalamu sana, nikaandika “Habari *|FNAME|*”, nikatuma. Kabla ya adhuhuri nilipigiwa simu na mzee mmoja ambaye alimfundisha baba yangu darasa la nne na ambaye huchangia chama bila kukosa tangu tulipofungua mlango. Hakugomba. Aliniuliza tu, “Mwanangu, mimi na wewe tumekuwa rika tangu lini?” Barua yake ilikuwa imeanza na “Habari Athumani”.

Si kosa la programu, maana waliko watengenezaji wake, kumwita mtu kwa jina lake la kwanza ni ukaribu. Huku kwetu, akiitwa hivyo na mtoto wa mwanafunzi wake, ni utovu wa adabu. Habari njema ni kwamba Mailchimp inaruhusu kuongeza safu zako mwenyewe kwenye orodha na kuzipa alama zake. Tukaongeza safu tuliyoiita Wito, na kwa jioni mbili mimi, mama yangu na mweka hazina tuliijaza kwa mkono, mtu mmoja baada ya mwingine: “Shikamoo Mzee Athumani”, “Shikamoo Bi Mwanaidi”, “Dada Zainabu, habari za huko”, “Mwalimu Rehema, salaam”. Hakuna jedwali linalojua nani ni mkubwa wa nani, na mara mbili mama alinisahihisha kuhusu watu niliodhani ni wa umri wangu. Ninazihesabu jioni hizo mbili kuwa kazi yenye faida kubwa kuliko zote tulizofanya katika jarida hili, na yeyote anayeandika kwa Kiswahili kwa watu wa rika mbalimbali ningemshauri aanzie hapo kabla hajagusa rangi wala nembo.

Uandishi wenyewe ulichukua muda zaidi kunyooka. Toleo la kwanza lilikuwa na mada, yaani mstari wa kichwa unaoonekana kwenye kikasha, “Jarida la Mwezi, Toleo Na. 1”, na sentensi yake ya kwanza ilisema kwamba uongozi wa chama unapenda kuchukua fursa hii adhimu kuwashukuru wadau wote kwa mchango wao usiomithilika. Baada yake zilifuata habari tano, picha sita, salamu za mwenyekiti, na mwishoni kabisa Lipa Namba yetu. Nilikuwa nimeiandika yote kwenye Word nikainakili na kuibandika, jambo ambalo sikujua kwamba huburuta msururu mrefu wa maagizo yasiyoonekana. Gmail hukata barua ambayo maandishi na maagizo yake yamezidi kilobaiti 102, ikaacha mstari mdogo chini unaomwambia msomaji afungue ujumbe mzima. Nani aliubofya? Kwa hiyo wachangiaji wetu wengi walisoma salamu za mwenyekiti na hawakuiona namba ya kuchangia, na sisi tukakaa wiki nzima tukijiuliza kwa nini kimya kimetanda.

Toleo la tatu niliandika ndani ya Mailchimp moja kwa moja, nikaweka picha moja iliyopunguzwa ukubwa ili isile bando la mtu, na nikaamua kusimulia jambo moja tu. Mada ilikuwa “Rafu ya tatu imefika”. Barua ilianza hivi: “Fundi wa Ngamiani ameileta Jumanne kwa mkokoteni, na kabla hajaifunga ukutani watoto walikuwa wameshaijaza vitabu hadi pale mikono yao ilipofika.” Aya iliyofuata ilitaja tulicholipia mbao, tulicholipia kazi, tulicholipia usafiri na kilichobaki, bila neno la kupamba. Kisha likaja ombi moja, na Lipa Namba ikaandikwa hapo hapo katikati ya barua pamoja na jina litakalojitokeza kwenye simu kabla mtu hajaingiza namba ya siri, kwa sababu mchangiaji akiona jina asilolitegemea husitisha malipo, na ana haki. Majibu yalianza kuingia usiku ule ule, mengine yakiwa ni maswali tu kuhusu fundi, na ndiyo maana ninasisitiza kwamba anwani ya kujibia iwe ya mtu halisi anayesoma, wala isiwe ile anwani ya kiofisi inayotangaza kwamba haijibiwi.

Ningependa kusema neno kuhusu violezo, kwa kuwa ndivyo vinavyovutia macho ya kamati. Ni vizuri, vimepangwa kwa ustadi, lakini vingi vimekatwa kwa kipimo cha duka: picha kubwa juu, kitufe kikubwa katikati, bidhaa tatu ubavuni. Mchangiaji wa maktaba hanunui viatu. Tulijaribu kimoja chenye mapambo, tukajaribu kingine kisicho na chochote isipokuwa maandishi na picha moja, na hiki cha pili ndicho kinachofanana na barua ambayo mtu angemwandikia shangazi yake, kwa hiyo tumebaki nacho. Kuhusu picha, hatuweki sura ya mtoto bila ridhaa ya mzazi, na mara nyingi mikono iliyoshika kitabu inatosha.

Upande wa kufika au kutofika kwa barua, mambo yamebadilika na chama kidogo kisipojua kitaumia. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zimekaza masharti: anayetuma lazima athibitishe kwamba barua ni yake kweli, na wanaotuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku hudaiwa uthibitisho kamili, njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja, na malalamiko ya taka yasiyofika asilimia 0.3. Sisi hatukaribii idadi hiyo, lakini tulianza kwa kutumia anwani ya bure ya Gmail kama anwani ya mtumaji, nayo haiwezi kuthibitishwa kupitia huduma nyingine kwa sababu kikoa chake, yaani sehemu inayofuata alama ya @, si chako. Tulilipia kikoa chetu kinachoishia na .or.tz, kijana mmoja akatuwekea mistari michache ya DNS, yaani daftari la mtandaoni la taarifa za kikoa, ambayo Mailchimp huionyesha hatua kwa hatua, na toleo lililofuata nililikuta kwenye kikasha cha kawaida badala ya folda ya taka. Ni kazi ya alasiri moja, na inafaa ifanywe kabla ya toleo la kwanza, si baada ya la nne kama sisi.

Ripoti zake ni za kupendeza na zinaweza kukupoteza. Idadi ya waliofungua barua imekuwa ya kubahatisha tangu Septemba 2021, Apple ilipoanza kupakua picha za barua mapema kwa watumiaji waliowasha ulinzi wa faragha, na kwa kuwa kupakuliwa kwa picha ndiko kunakohesabiwa, barua huonekana imefunguliwa hata kama mwenyewe amelala. Uwezo wa kujaribu mada mbili na kulinganisha ipi imependwa una maana kwa mwenye wasomaji maelfu; kwetu sisi tofauti ya watu sita inaweza kuwa ni mgao wa umeme tu. Ninachokitazama ni waliojibu, waliochangia ndani ya siku tatu, na waliojiondoa, na hawa wa mwisho siwafuati kuwauliza sababu.

Bei inahitaji umakini. Kuna mpango wa bure, lakini nafasi yake imekuwa ikipunguzwa, zamani ilifika majina 2,000 na sasa ni pungufu sana ya hapo, na barua zake hubandikwa nembo ya Mailchimp mwishoni. Mipango ya kulipia hutozwa kwa dola na kwa kadi, na asasi zisizo za faida hupewa punguzo la asilimia 15 zikiomba na kuonyesha nyaraka. Ni vizuri pia ujue kwamba waliojiondoa huendelea kuhesabiwa katika idadi unayolipia mpaka uwahamishie kwenye hifadhi ya majina yasiyotumika (Archive), kwa hiyo mweka hazina wetu hupitia orodha kila mwisho wa mwezi kama anavyopitia daftari la fedha.

Suala la ridhaa lisipuuzwe kwa kuwa tu watu mnafahamiana. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Anwani iliyoandikwa kwenye kitabu cha wageni siku ya ufunguzi haikutolewa kwa ajili ya jarida. Tulimwandikia kila mmoja mara moja kumwomba idhini, tukapoteza baadhi, na orodha iliyobaki ni ya watu wanaotaka kusikia. Mailchimp pia hulazimisha anwani ya posta ikae chini ya kila barua, sharti linalotokana na sheria ya Marekani ya mwaka 2003, na S.L.P. yetu, ambayo ilikuwa haijafunguliwa kwa muda mrefu, hatimaye imepata kazi.

Je, ningeipendekeza? Kwa chama chenye majina zaidi ya mia moja, chenye kikoa chake na mtu mmoja anayependa kuandika, ndiyo, na tumelipia tena mwaka huu bila mjadala mrefu. Kwa chama chenye wachangiaji thelathini wanaokaa mtaa mmoja, barua ya kawaida ya Gmail na simu mbili tatu zinatosha, na fedha hiyo inunue vitabu. Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya lugha ya kurasa za kazi na violezo vya kidukani.

Toleo la kumi na mbili lilitoka wiki mbili zilizopita likiwa na picha ya ukuta mtupu ulio kando ya dirisha. Jibu la kwanza lilitoka kwa Mzee Athumani, mstari mmoja: “Marahaba mwanangu. Rafu ya nne fundi anasema bei gani?”