TAHADHARI: Jamaa wanaokuja nyumbani "kulinganisha" nyaya za spika, Dar es Salaam

Wakuu, hasa nyinyi mnaopenda muziki na mnaojinyima mpaka mpate spika nzuri, kuna watu wanazunguka Dar wakiuza nyaya za spika na nyaya za umeme za amplifaya kwa mamilioni, na mali yenyewe ni takataka. Wamemwibia mzee ninayemheshimu sana. Kwa simu nilizopokea tangu nianze kuulizia, hayuko peke yake.

Hawana duka. Winga (dalali wa mtaani) wa Kariakoo anakuona unatoka na amplifaya, anakusaidia kubeba hadi kwenye gari, anachukua namba yako "kwa ajili ya waranti". Jioni unapigiwa simu na mtu mwingine kabisa, mwenye lugha laini: "Bosi, usitoe hata shilingi. Tunakuja kwako, tunafunga waya wetu, unasikiliza kwa masikio yako. Usiporidhika tunafungasha tunaondoka." Maneno hayo yanamtoa mtu wasiwasi wote, maana nani ataogopa kitu atakachokisikia mwenyewe? Hapo ndipo wanapokushika.

Mimi ni fundi wa amplifaya na spika. Mzee huyu, mwalimu mstaafu, aliniletea jozi ya nyaya za mita tatu tatu aliyouziwa 1,850,000, nimrekebishie ncha moja iliyolegea. Kwa nje zinatisha kwa uzuri: ganda nene kama mpira wa kumwagilia bustani, limesukwa kwa nyuzi nyeusi na nyekundu, ncha zinang'aa dhahabu, na jina la kampuni kubwa ya Marekani limechapwa huku herufi moja ikiwa imekosewa. Nilipokata ganda, sehemu kubwa ya unene ule ilikuwa kamba ya pamba na plastiki. Waya wenyewe katikati ulikuwa mwembamba, nikikadiria milimita mraba moja hivi. Nilikwangua uzi mmoja kwa wembe: juu wekundu wa shaba, ndani mweupe. Ni alumini iliyopakwa shaba. Kile kijisanduku cha mbao kilichoning'inia katikati, walichomwambia ni chujio la kelele, nilikipasua mbele yake. Ndani mlikuwa na kipande cha chuma kilichogandishwa kwa gundi, hakijaunganishwa na kitu chochote.

Mzee alikaa kimya, kisha akasema, "Lakini mwanangu, tofauti niliisikia. Sikudanganywa kwa maneno, niliisikia."

Nilimwamini, na nawaomba nanyi mumwamini. Tofauti ilikuwepo kweli, ila haikutoka kwenye waya.

Kijana wake alikuwa amerekodi tukio zima kwa simu ili awatumie ndugu zake. Tuliitazama video ile pamoja, tukairudia mara kadhaa. Jamaa wawili wanaingia, wanasalimia kwa adabu, wanasema kwanza wasafishe tamino za spika, yaani vishikizo vya nyaya nyuma yake, kwa sababu zina kutu. Wanachomoa waya wa mzee, wanapangusa, wanaurudisha. Kwenye spika ya kulia wameurudisha kinyume: nyekundu imeingia penye nyeusi, nyeusi penye nyekundu. Mzee anaketi kwenye kochi, wanapiga wimbo wa dansi la zamani. Baadaye wanafunga waya wao, safari hii sawasawa pande zote mbili, na wimbo uleule unarudiwa.

Kwa asiyejua: spika mbili zikifungwa kinyume namna hiyo, moja inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta. Besi ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu mawimbi yake ni marefu na yanafutana kabla hayajakufikia. Sauti ya mwimbaji, ambayo ilipaswa kusimama katikati ya spika mbili, inasambaa na kukosa mahali pa kukaa. Ukirudisha nyaya sawa, nyekundu kwa nyekundu, besi inarudi na mwimbaji anasimama mbele yako. Hata mtoto wa miaka sita atasikia tofauti hiyo. Kwa hiyo msimcheke mtu aliyelipa. Masikio yake yalifanya kazi vizuri kabisa, na ndiyo yaliyotumika kumwibia.

Kuna na la pili, dogo zaidi lakini baya vilevile. Amplifaya ya mzee inaonyesha kiwango cha sauti kwenye kioo. Waya wa zamani ulipopigwa, kioo kilisoma -32. Waya wao ulipopigwa, kilisoma -29. Namba hizo ni desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, na desibeli tatu ni nguvu mara mbili kwenda kwenye spika. Sauti ikipandishwa kidogo tu, hata nusu ya desibeli, wengi wetu hatuoni kwamba imepanda. Tunaona kwamba imekuwa "safi" na "hai" zaidi. Wanaolinganisha vyombo kwa uaminifu husawazisha sauti hadi tofauti isizidi sehemu moja ya kumi ya desibeli, kwa sababu hiyohiyo.

Sasa tuangalie namba, maana ndizo zitakazokulinda siku wakikugongea. Waya wa mzee ulikuwa wa kawaida tu, shaba ya milimita mraba 2.5, ule laini wa nyuzi nyingi unaopimwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Kwa mita tatu, kwenda na kurudi ni mita sita, ukinzani wake, yaani jinsi unavyozuia umeme, ni kama omu 0.04. Spika yake ni ya omu 8. Kinachopotea njiani hakifiki hata sehemu moja ya kumi ya desibeli. Waya waliomuuzia, kwa wembamba ule na alumini ile, unafika kama omu 0.16. Ni mara nne ya ule wa bei rahisi, lakini kwa mita tatu hata huo ukifungwa sawasawa hautakufanya uruke kwenye kiti. Waya wa bei ndogo ulikuwa bora kuliko wa karibu milioni mbili, na pengo kati yao ni dogo mno kuweza kuleta kile alichokisikia mzee.

Watakuambia pia habari za shaba isiyo na oksijeni. Shaba hiyo ipo kweli, si hadithi. Lakini shaba ya kawaida ya nyaya za umeme nayo ina usafi wa asilimia 99.9, na tofauti ya kupitisha umeme kati ya hizo mbili ni kama asilimia moja tu. Ukiongeza unene wa waya kidogo, umeshaifuta tofauti hiyo.

Mabishano haya, kama waya ghali unaleta sauti bora, hayakuanzia kwetu. Gordon Gow, aliyekuwa rais wa kampuni ya amplifaya ya McIntosh huko Marekani, alikuwa akiwaonyesha wauzaji na wateja nyaya za spika za bei kubwa dhidi ya waya mnene wa kawaida, akibadilisha kwa swichi papo hapo wakati muziki unaendelea. Mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe aliyetumia maisha yake kufichua ulaghai, aliahidi dola milioni moja kwa atakayeweza kutofautisha kwa kusikiliza tu, bila kuona, nyaya za spika za dola 7,250 na nyaya za kawaida. Hakuna aliyewahi kuichukua zawadi hiyo. Sisemi kila anayeuza waya ghali ni mwizi. Wapo wanaouza shaba halisi, imefungwa vizuri, wanakupa risiti, na ukiamua kulipia uzuri wa kazi hiyo ni pesa yako. Hawa ninaowazungumzia si wa aina hiyo.

Kilichonitia hofu kuliko vyote ni waya wa umeme wa amplifaya waliompa kama "zawadi ya mteja". Plagi ya pini tatu tunayotumia hapa inatakiwa kuwa na fyuzi ndani. Niliifungua: mahali pa fyuzi pamewekwa kipande cha shaba nyeupe kilichokatwa, eti umeme upite bila kuzuiwa. Waya wa ethi, ule wa usalama unaopeleka umeme ardhini, ulikuwa umekatwa, haujafika kwenye pini. Nyuzi zenyewe alumini nyembamba tena. Alumini inajenga utando juu yake, viungo vinalegea na kupata joto, na huu ni umeme wa volti 230, si muziki. Kama umenunua au umepewa waya wa umeme na watu hawa, chomoa leo. Usisubiri mwisho wa wiki, usimpe jirani. Ukate ili usitumike tena, ila uutunze pamoja na plagi yake na picha kama ushahidi.

Ukitaka kulinganisha nyaya, linganisha, ni jambo halali na linafurahisha. Ila anayeuza asiguse chochote. Afunge mtu wako, uhakikishe mwenyewe nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi pande zote mbili. Piga wimbo wa zamani wa mono, yaani wenye sauti ileile kwenye spika zote mbili: mwimbaji asiposimama katikati kabisa, kuna spika imefungwa kinyume. Njia nyingine, zima amplifaya, chomoa waya upande wa amplifaya, gusisha ncha zake kwa betri ndogo ya volti 1.5 kwa sekunde moja. Koni ya besi isogee mwelekeo mmoja kwenye spika zote mbili. Kusawazisha sauti, piga mlio wa hezi 50 au 60, pima volti za AC kwenye tamino za spika kwa multimita (kipima umeme) ya kawaida, zilingane kwa kila waya. Kisha mtu abadilishe nyaya wewe ukiwa hujui ni upi, mara nyingi, huku mwingine akiandika majibu yako. Muuzaji akikataa utaratibu huu, mfungulie mlango aondoke.

Kukagua waya wenyewe, kwangua uzi mmoja. Nyekundu hadi ndani ni shaba. Nyekundu nje na nyeupe ndani ni alumini. Ukikuta nyeupe nje na nyekundu ndani usigombane na mtu, hiyo ni shaba iliyopakwa bati na ni nzuri. Kiberiti cha gesi nacho kinasema: uzi wa shaba unawaka wekundu na kubaki, wa alumini unalegea na kukatika, maana alumini inayeyuka kwenye nyuzi joto 660 na shaba inataka 1,085. Wanaonunua roli zima la mita 100 la waya pacha wa 2.5, ungeni ncha mbili za mwisho, pimeni ukinzani kutoka ncha za mwanzo, mtoe ukinzani wa nyaya za multimita yenu. Shaba isizidi omu 1.6. Ikisoma zaidi ya 2, rudisheni.

Jambo lingine la kujua: wakishapokea pesa wanasema waya unahitaji saa 200 za kupiga muziki "mpaka ufunguke", kwa hiyo usishangae ukisikia kawaida kesho yake. Saa hizo wanazihitaji wao. Mzee alisubiri kwa uaminifu, na aliposema awapigie, namba zote mbili hazipatikani na akaunti ya Instagram imebadilishwa jina. Pesa ilitumwa kwa namba ya mtu binafsi, si lipa namba ya biashara, na risiti ya mashine ya EFD hawakutoa. Mamlaka ya Mapato, TRA, wametuimbia miaka yote, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Asiye na risiti, usimlipe hata laki.

Kama yamekukuta, tunza ujumbe wa muamala, boksi, waya na picha zao. Toa taarifa polisi kwanza, kisha Tume ya Ushindani, FCC, ambao kazi yao ni pamoja na bidhaa bandia. Ule waya wa umeme upelekwe Shirika la Viwango, TBS. Mzee ameshafungua jalada na video ya kijana wake imekabidhiwa. Kinachokosekana ni walalamikaji wengine, kwa hiyo mwenye muamala, picha au sauti ya watu hawa anitumie ujumbe wa faragha, nitampa namba ya jalada aende nayo kituoni.