Glovu za kupigia picha kwenye baridi, nimezivaa siku tisa Helsinki

Nilikuwa Helsinki, Finland, siku tisa mwezi wa kwanza, kozi ya kazini, na mimi mtu wa Dar baridi ninayoijua ni ya Lushoto, kwa hiyo kabla ya safari nikaagiza hizi glovu ambazo ncha ya kidole gumba na cha shahada zinafunguka, unaikunja kwa nyuma inanaswa na sumaku. Euro 34. Koti nilichukua mtumba pale Karume na halina neno, tuliache.

Siku ya kwanza digrii 11 chini ya sifuri, nikaingia mitaa ya Kallio na kamera asubuhi, asubuhi yenyewe sasa, saa tatu ndo kunapambazuka na ikifika saa kumi kagiza kameshaanza, yani mwanga ni wa kugombania na ukiupoteza unapuliza vidole imekula kwako. Hapo glovu zilinibeba. Unafungua ncha, unapiga, unafunika. Makanisa na majengo makubwa kila mtu anayo, mie nilikuwa natafuta vitu vidogo: siti ya baiskeli imebeba theluji utadhani mkate wa kumimina, kokoto wanazomwaga njiani watu wasiteleze, yale machuma ya uani ya kutundikia mazulia wayakung'ute. Na glovu zilizopotea! Mtu akiokota glovu ya mwenzie anaivisha kwenye nondo ya uzio, vidole juu, mwenyewe akipita aione. Nilipiga kama kumi na nne za hivyo, zingine za watoto zina masikio ya sungura.

Kimfuko cha zipu mgongoni mwa glovu kazi yake ni kuweka kile kipakiti cha joto cha kupasha mikono ila mimi niliweka betri ya akiba, maana baridi inanyonya betri balaa, kamera inakwambia imeisha, ukiipasha kidogo inafufuka.

Sasa lawama. Wameandika kidole kinafanya kazi kwenye tachi, uongo, simu haisikii kabisa mpaka ufungue. Ukifika Kauppatori, uwanja wa soko pale baharini, upepo unapita kwenye mshono wa ile ncha kama hamna kitu. Sumaku ya kulia siku ya tano ikalegea, ncha inaning'inia inaingia mbele ya lenzi, nina picha sita za tramu zina kivuli cheusi pembeni.

Halafu hazina kamba. Ya kushoto niliivua kituo cha tramu Hakaniemi nibadilishe kadi ya kamera, nikapanda bila. Kesho yake narudi naikuta imevishwa kwenye chuma cha kituo, imeganda kama samaki wa kwenye friza. Nikaipiga picha kwanza ndo nikaichukua.

Nyota tatu na nusu. Ukiagiza panda saizi moja, na zishonee kamba ya kupita shingoni kama za watoto wa chekechea.