Uzoefu wangu na FlightGear: gemu ya ndege inayoijua hewa ya Kilimanjaro

Wanaoniuliza kuhusu gemu hii huanza na maswali yale yale: ina vita? Ina hatua za kuvuka? Unapata pointi? Hakuna hata kimoja. FlightGear inakupa ndege, uwanja, saa na hali ya hewa, halafu inakuachia uamue. Ukitaka kuruka kutoka KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, hadi Arusha, ruka. Ukitaka kutumia jioni nzima kujifunza kuwasha injini tu, hakuna wa kukuharakisha. Mimi naishi Moshi, naipenda gemu hii na mara nyingine inanichosha kwelikweli. Nimeamua kuandika kwa sababu maelezo mengi niliyoyasoma yameandikwa na watu wanaorukia viwanja vya karibu na usawa wa bahari, na huku kwetu mambo ni tofauti kabisa.

Ni ya bure. Wazo lake lilianza 1996, toleo la kwanza likatoka 1997, na tangu hapo inajengwa na watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali. Inakubali Windows, Linux na Mac. Niliitazama pia Microsoft Flight Simulator ya 2020, na kwa uzuri wa picha hakuna ubishi, iko mbele. Lakini ile inataka nafasi ya GB 150 kwenye diski na inavuta picha za ardhi kutoka kwenye intaneti wakati unaruka. Kwa mtu anayenunua bando kwa wiki, hesabu hiyo inakataa mapema.

Ndege unayoanza nayo ni Cessna 172P: injini moja, viti vinne, mabawa juu ya kichwa. Cessna 172 iliruka mara ya kwanza 1955 na zimeshaundwa zaidi ya 44,000, kwa hiyo marubani wengi duniani wamejifunzia humo. Walioitengeneza kwa ajili ya gemu walifanya kazi ya kuheshimika. Kabla ya kuwasha, unaweza kukuta magurudumu yamewekewa vizuizi, mabawa yamefungwa kamba chini, na kile kibomba cha kupimia kasi kimevalishwa kifuniko. Usipokivua, ndege itapaa vizuri, lakini saa ya kasi italala pale pale kwenye sifuri. Injini ikiwa baridi, inataka ipigiwe pampu ya mafuta kidogo ndipo uzungushe ufunguo.

Kilichonivutia zaidi ni kabureta. Kuna sehemu ya mipangilio unayoweza kuruhusu barafu ijitengeneze ndani yake. Hewa ikiwa na unyevu, na wewe umepunguza mafuta ili ushuke, mngurumo wa injini unafifia taratibu bila sababu unayoiona. Mafuta yakigeuka mvuke yananyonya joto, hewa nayo inapoa ikipita kwenye koo jembamba la kabureta, na barafu inaanza kuziba njia hata kama nje kuna nyuzijoto 20. Dawa yake ni kuvuta kitasa cha kuleta hewa ya moto. Kila fundi pikipiki wa Pasua anaijua kabureta, lakini habari ya barafu humo ndani nimeipata kwenye gemu hii.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nibaki nayo. "Shangazi, mbona haipandi?" aliniuliza mtoto wa kaka yangu siku moja, tukiwa tumeuchagua uwanja wa Arusha, ule wa Kisongo. Tulikuwa tumeweka saa nane mchana, joto nyuzi 28, na ndege imebeba uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa. Mabawa yaliinuka, lakini miti ya mbele ilikuwa inakuja kwa kasi kuliko tulivyopenda, na mshale wa saa ya kupandia ulikuwa hautaki kusogea. Kompyuta haikuwa na tatizo, na usukani nilikuwa nimeushika sawasawa. Tatizo lilikuwa hewa.

Uwanja wa Arusha uko kwenye mwinuko wa futi kama 4,550. Vitabu vya marubani vina hewa ya mfano ya kulinganishia, na kwenye mwinuko huo hewa hiyo ingekuwa na nyuzijoto 6. Ikiwa ni 28, hewa imetanuka na kuwa nyepesi. Marubani wana kanuni ya haraka: kila nyuzi moja iliyozidi, ongeza futi 120 kwenye mwinuko wa uwanja. Nyuzi 22 zilizozidi zinakupa futi 2,640. Kwa hiyo macho yanaiona Kisongo, lakini injini, propela na mabawa vinafanya kazi kana kwamba viko futi karibu 7,200. Injini ya nguvu za farasi 160 imeshapoteza zaidi ya moja ya tano ya nguvu zake kabla hata hujaachia breki. Na usipovuta kidogo kile kitasa chekundu cha kupunguza mafuta ili yalingane na hewa iliyobaki, inapoteza zaidi.

Tukarudisha saa hadi asubuhi mapema, joto likashuka, tukapunguza mafuta kwenye matangi. Ndege ile ile ikapanda bila manung'uniko. Mtoto alielewa mwenyewe, sikuhitaji kumweleza zaidi. Siku hizi nikipita Kisongo asubuhi nikaziona Cessna Caravan za watalii zikiondoka kuelekea Seronera, najua rubani anafaidi nini kwenye ubaridi ule.

KIA nayo ina yake. Iko futi 2,932, na njia yake ya kurukia ina urefu wa kilomita tatu na nusu hivi, ndefu mno kwa kandege kama haka, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kujifunzia. Lakini mafunzo mengi ya mtandaoni yanakwambia: zunguka uwanja kwa futi 1,000. Mwalimu yule yuko karibu na bahari, altimita yake, saa inayopima mwinuko kutoka usawa wa bahari, inasoma 1,000 kweli. Wewe hapa ukiifuata namba hiyo uko chini ya ardhi. Unatakiwa usome karibu 3,900, na namba hiyo inabadilika ukienda Arusha, ikabadilika tena ukienda Tanga. Kisha kuna kutua. Saa ya kasi inakuonyesha noti 65 (yaani maili 65 za baharini kwa saa) kama kitabu kinavyotaka, lakini mchana wa joto pale KIA kasi yako halisi inafika noti 71 hivi, kwa sababu saa hiyo inapima msukumo wa hewa, na hewa yetu ni nyepesi. Lami inapita haraka, unaona kama umekuja mbio, unavuta usukani mapema, na ndege inaelea, inaelea, halafu inaanguka kwa kishindo. Gemu hailainishi chochote hapo.

Halafu mlima. Mtu yeyote wa huku akifungua gemu hii atataka kupita juu ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, na jibu ni kwamba kwa Cessna hii haiwezekani. Kitabu cha 172P kinasema ikifika futi 13,000 uwezo wake wa kupanda unabaki futi 100 tu kwa dakika. Hiyo ni mita 3,960, juu kidogo ya kambi ya Horombo iliyo mita 3,720. Wapagazi wa njia ya Marangu wanaipita Horombo na mizigo kichwani, wanaendelea hadi Kibo Hut, mita 4,720, na kilele bado kiko mbele yao, 5,895. Ndege inaishia nyuma yao. Ukilazimisha kwa kuinua pua, kasi inashuka, king'ora cha bawa kinalia, bawa moja linaanguka na unajikuta unaitazama Marangu kupitia kioo cha mbele.

Mimi hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Nimezaliwa nikiutazama mlima ule kila asubuhi ukiwa wazi, na sikuwahi kupata picha halisi ya ukubwa wake mpaka nilipouzunguka kwa futi 12,000 na bado nikawa nainua kichwa kuutazama. Kimo chake kwenye gemu kimetoka kwenye vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Marekani mwezi wa Februari 2000, na umbo la Kibo, tandiko, kisha Mawenzi yenye meno, linatambulika vizuri.

Ila ukishusha macho chini, moyo unavunjika. Moshi haipo. Kuna nyumba za kubahatisha, barabara kuu, na rangi. Mnara wa saa sikuuona. Vihamba vya Machame, migomba na kahawa kila hatua, vimekuwa kijani kimoja kisicho na habari, na mashamba ya miwa ya TPC yangeweza kuwa shamba lolote duniani. Viwanja vya Ulaya na Marekani vimechorwa na watu wanaoishi jirani navyo, hadi milango ya kupandia abiria. KIA nimeitambua kwa njia ya kurukia na kwa mlima, basi.

Mandhari hushuka yenyewe wakati unaruka, na hapo bando linakwenda. Nikaona afadhali kupakua mapema. Dunia imegawanywa katika vipande vya digrii 10 kwa 10, na chetu kinaitwa e030s10. Kina Moshi, Arusha, Dar es Salaam, Dodoma na hata Nairobi. Ukikipakua mara moja sehemu yenye intaneti nzuri, unaruka nyumbani bila bando kabisa. Ukiwa na intaneti kidogo, washa hali ya hewa halisi: gemu inachukua ripoti ya hewa ya KIA na kukuwekea upepo na mawingu ya saa hiyo.

Kompyuta ni kizuizi kikubwa. "Dada, hii mashine ni ya kuandikia barua," aliniambia fundi mmoja wa Double Road nilipompelekea laptopu yangu. Haina kadi ya grafiki ya peke yake, na ukiacha mipangilio ilivyo, picha inakatakata mpaka kutua inakuwa bahati nasibu. Nilipunguza mawingu, nikazima vivuli, nikafupisha umbali wa kuona, ikawa inachezeka. Lakini kuufupisha umbali wa kuona ni kujinyima mlima ukiwa KIA, na hilo liliniuma.

Kibodi sikushauri. Ndege ya propela inavuta kushoto unapoongeza nguvu, inataka mguu wa kulia kila wakati, kidogo kidogo, na kitufe hakijui kidogo kidogo. Maus ni afadhali. Unabonyeza Tab, inageuka usukani. Joistiki ndiyo yenyewe. Mjini Moshi niliitafuta nikaikosa, kaka yangu akaituma kwa basi kutoka Dar es Salaam, na tofauti ilionekana siku hiyo hiyo. Ukiikosa, hata padi ya gemu ya USB inafaa kwa kuanzia.

Ndege nyingine zipo mamia, zote bure, lakini ubora unatofautiana mno. Nyingine zina saa zote zinazofanya kazi, nyingine ni ganda tu. Tazama alama zilizowekwa kwenye orodha kabla ya kupakua. Mnara wa kuongozea ndege ni dhaifu. Mazungumzo yake ni machache na hayafundishi kitu. Kitabu cha maelekezo ni kirefu na ni cha Kiingereza, na mtoto wa sekondari atahitaji mtu wa kukaa naye. Hata hivyo, kuna mafunzo ndani ya gemu yanayokupeleka hatua kwa hatua kwenye Cessna, kuanzia ukaguzi hadi injini kuzimika angani, na hayo yana thamani kubwa.

Ningempa nani gemu hii? Kijana anayesoma fizikia na anayetaka kuona namba zikifanya kazi. Mtu anayefikiria urubani na bado hajapata ada ya saa hata moja ya kuruka. Mtu mwenye subira. Anayetaka kufungua na kufurahi dakika hiyo hiyo asiitafute.

Mara ya kwanza weka HTKJ, ambayo ndiyo alama ya KIA, saa moja asubuhi, mafuta nusu tangi, njia ya kurukia namba 09, inayoelekea mashariki. Ukishapaa, mlima utakuwa kushoto mbele yako. Usiufuate. Zunguka uwanja, utue, urudie.

Na kwa kuwa gemu hii inapokea majengo yaliyochorwa na mtu yeyote, na Blender ya kuchorea nayo ni bure, namtafuta kijana wa Moshi au Arusha anayeijua vizuri. Picha na vipimo nitavitafuta mimi. Tuanze na jengo la abiria la KIA, kisha mnara wa saa.